Maabara ya Taifa ya Idaho: kazi ya vinu visivyouza umeme

Swali: "Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Maabara ya Taifa ya Idaho nchini Marekani imewahi kuwa na vinu vya nyuklia 52, lakini leo haimuuzii mtu umeme na wala haitengenezi mabomu. Wananiuliza: serikali inalipia nini huko? Na kama kinu cha kwanza kilitoa umeme tangu mwaka 1951, bado kuna nini cha kutafiti? Naomba unisaidie niwajibu kwa hakika." Mwalimu wa fizikia, sekondari.

Jibu: Mwalimu, jibu fupi la kuwapa wanafunzi wako ni kwamba serikali ya Marekani inalipia ushahidi. Anayetaka kujenga kinu cha nyuklia hulazimika kuieleza mamlaka inayotoa leseni fueli yake itakuwaje baada ya kukaa miaka kadhaa ikipigwa na nyutroni (chembe zinazorushwa atomu zinapopasuka), itakuwaje maji au gesi ya kupozea ikikatika ghafla, na ni kwenye joto gani itaanza kupasuka na kuachia mionzi. Maswali hayo hayamalizwi kwa hesabu peke yake. Lazima pawepo mahali ambapo fueli ya kweli huwekwa ndani ya kinu cha kweli, husukumwa hadi ukingoni mwa uwezo wake, kisha hufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande. Idaho ni mahali hapo, na ingawa maabara hiyo ina kazi nyingine nyingi, naamini hii ndiyo inayoieleza vizuri kuliko zote.

Nianze na eneo lenyewe. Mwaka 1949 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilichukua nyika kame katika uwanda wa mto Snake, magharibi mwa mji wa Idaho Falls, mahali ambapo awali jeshi la majini lilikuwa likijaribia mizinga ya meli zake, ikapaita Kituo cha Taifa cha Kujaribia Vinu. Eneo hilo lina takribani kilomita za mraba 2,300. Ukubwa huo ulikusudiwa, kwa kuwa wahandisi wa wakati ule walifahamu kwamba hawajajua vinu huharibika vipi, na walitaka kulijua jambo hilo wakiwa mbali na makazi ya watu. Jina la sasa, Maabara ya Taifa ya Idaho, lilianza kutumika mwaka 2005. Ardhi, majengo na vinu ni mali ya serikali chini ya Wizara ya Nishati, lakini uendeshaji wa kila siku hufanywa kwa mkataba na taasisi iitwayo Battelle Energy Alliance. Mpango huo wa serikali kumiliki na mwingine kuendesha ndio unaotumika katika karibu maabara zote 17 za taifa zilizo chini ya wizara hiyo.

Tarehe 20 Desemba 1951 kinu kidogo kiitwacho EBR-I kiliwasha balbu nne, na siku iliyofuata kikatoa umeme wa kutosha jengo lake lenyewe. Picha ya balbu zile husambazwa sana, na pengine ndiyo inayowafanya wanafunzi wako waone kwamba kazi ilikwisha siku ile. Lakini shabaha ya EBR-I ilikuwa nyingine kabisa: kuthibitisha kwamba kinu kinaweza kuzalisha fueli mpya nyingi kuliko ile kinayoichoma, jambo ambalo vipimo vililithibitisha mwaka 1953. Kisha, mwezi Novemba 1955, wakati wa jaribio, sehemu ya kiini cha kinu hicho, yaani pale fueli inapokaa, iliyeyuka. Watafiti walipofuatilia chanzo waligundua kwamba fito za fueli, zilipopata joto, zilijipinda kuelekea katikati, na kule kusogeleana kwao kukaongeza nguvu ya kinu pale pale ambapo ilipaswa kupungua. Usanifu wa vinu vya aina hiyo uliofuata ulizishikilia fito imara ili zisipinde kwa namna ile. Uone hapo, Mwalimu, mtindo mzima wa kazi: kitu kinaharibika, kinafunguliwa, chanzo kinapatikana, na usanifu unabadilika.

Mara nyingine uharibifu wenyewe ndio uliokuwa jaribio. Kinu cha BORAX-I kilijengwa ili kuonyesha kitakachotokea maji yakichemka ndani ya kiini, na majaribio yake ya awali yalithibitisha jambo lenye faida kubwa, kwamba mvuke unaojitokeza hupunguza kasi ya mpasuko wa atomu na kukizima kinu bila mtu kugusa kitu. Mwezi Julai 1954 watafiti waliitoa fito ya kudhibiti, ile inayomeza nyutroni na kupunguza mpasuko, kwa ghafla kuliko wakati wowote kabla ya hapo, wakijua kwamba kinu hakitapona, nacho kikavunjika vipande kwa nguvu kubwa kuliko waliyoitarajia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Julai 1955, mdogo wake BORAX-III uliupa mji wa Arco umeme kwa muda mfupi, na Arco ukawa mji wa kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa nyuklia peke yake.

Sitaruka ajali ya SL-1, kwa sababu wanafunzi wakitafuta habari za Idaho wataikuta mapema. Usiku wa tarehe 3 Januari 1961, wanajeshi watatu waliokuwa wakiandaa kinu kidogo cha jeshi kirudi kazini waliinyanyua kwa mkono fito ya kati ya kudhibiti, na fito hiyo ikatoka kupita kiasi kilichotakiwa. Nguvu ya kinu ilipanda kwa sehemu ndogo ya sekunde, maji yakageuka mvuke kwa kishindo, na wote watatu wakafariki. Mpaka leo chanzo cha kunyanyuliwa kwa fito ile kupita kiasi hujadiliwa, lakini somo la kihandisi halina mjadala: kinu kile kilisanifiwa hivi kwamba fito moja tu ilitosha kukiwasha. Leo sharti la usanifu ni kinyume chake, yaani kinu lazima kiweze kuzimwa na kubaki kimezimwa hata kama fito yenye nguvu kuliko zote imekwama nje.

Kuna jaribio jingine ambalo ningependa lifahamike zaidi kuliko linavyofahamika. Tarehe 3 Aprili 1986, kinu cha EBR-II, kilichopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu yake yote. Waendeshaji walizima pampu kuu za kupozea na kuuzuia mfumo wa kuzima dharura usifanye kazi. Joto lilipanda, kiini kikatanuka, nyutroni nyingi zaidi zikavuja nje ya kiini, na mpasuko ukafifia wenyewe hadi kinu kikatulia. Siku hiyo hiyo mchana walirudia kwa njia nyingine, safari hii wakikikatia kinu mahali pa kupeleka joto lake, na matokeo yakawa yale yale. Hakuna kilichoharibika. Wiki tatu baadaye ilitokea ajali ya Chernobyl, nayo ikaziba masikio ya dunia kwa habari nyingine yoyote ya vinu. EBR-II ilifungwa mwaka 1994, lakini rekodi za siku ile moja zingali zinatumiwa na wanaosanifu vinu vya sodiamu leo, kwa sababu hakuna mwenye leseni ya kawaida ambaye angeruhusiwa kulifanya jaribio kama lile.

Sasa nikupeleke ndani ya kazi ya leo, nayo nitaieleza kwa kufuata fueli ya aina moja tangu inapoingia hadi inapotoka, maana naona hapo ndipo wanafunzi wataelewa kwa nini mambo haya huchukua muda mrefu na fedha nyingi.

Fueli hiyo huitwa TRISO. Ni punje yenye kipenyo kisichofika milimita moja. Katikati yake kuna kiini cha urani, kisha tabaka la kaboni yenye vinyweleo linalotoa nafasi ya kupokea gesi zinazozaliwa atomu zinapopasuka, kisha tabaka la kaboni ngumu, kisha kabidi ya silikoni, na nje kabisa kaboni ngumu tena. Kabidi ya silikoni ndiyo ukuta wenyewe. Wanaoisanifu wanadai kwamba kila punje ni chombo kamili cha kuzuia mionzi isitoke, hata kinu kikipoteza mfumo wake wa kupoza. Dai hilo ni kubwa, na likiwa kweli linabadilisha namna kinu kizima kinavyojengwa. Kwa hiyo lazima lijaribiwe.

Jaribio la kwanza la mpango wa Marekani wa kuithibitisha fueli hiyo liliingizwa kwenye kinu cha ATR mwezi Desemba 2006. ATR ni kinu cha kujaribia vitu kilichoanza kazi mwaka 1967. Fueli yake imepangwa kwa mkanda unaojipindapinda na kufanya petali nne, na katika mikunjo ya mkanda huo mna nafasi tisa zenye msongamano mkubwa wa nyutroni, ambamo vitu vya kujaribiwa huingizwa. Hakina turbini hata moja. Maji yake ya kupozea hayafiki hata kuchemka, na joto lote linalozalishwa hupelekwa kwenye minara ya kupozea na kuachwa lipotee hewani, jambo linalowashangaza wageni wengi. Kinachovunwa humo ni nyutroni. Metali ambayo ndani ya kinu cha kawaida ingehitaji miaka mingi ili kupata kiwango fulani cha uharibifu wa nyutroni hukipata ndani ya ATR kwa muda mfupi zaidi, na hiyo ndiyo namna pekee ya kumjibu leo mtu anayeuliza chuma chake kitakuwa na hali gani kikizeeka.

Jaribio lile la 2006 lilikuwa na takribani punje 300,000, zilizoshindiliwa ndani ya vipande 72 vya kaboni vyenye urefu wa milimita 25 hivi, navyo vikagawanywa katika kapsuli sita zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya kila kapsuli hupitishwa mchanganyiko wa gesi mbili, heli na neoni. Heli hupitisha joto vizuri kuliko neoni, kwa hiyo mwendeshaji akitaka fueli ipoe huongeza heli, na akitaka ipate moto huongeza neoni. Kwa kubadilisha uwiano huo tu, joto la fueli hushikiliwa mahali panapotakiwa kwa miezi na miezi. Gesi hiyo ikitoka kwenye kapsuli haitupwi moja kwa moja. Hupita mbele ya vipima mionzi vinavyotafuta kriptoni na zenoni, gesi zinazozaliwa na mpasuko wa atomu, kwa sababu punje moja ikipasuka miongoni mwa maelfu yaliyomo, gesi hizo hutoka na vipima hupata habari. Jaribio liliendelea hadi Novemba 2009, na hakuna punje hata moja iliyopasuka.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo kazi imekwisha. Imefika nusu tu, kwa maana fueli iliyotoka humo ina mionzi mikali kiasi kwamba mtu akisimama karibu nayo bila kinga atapata dozi ya kumuua kwa muda mfupi sana, na bado kuna mambo mengi ambayo gesi haikuyasema. Kapsuli huwekwa kwanza chini ya maji ili mionzi ipungue, kisha husafirishwa ndani ya chombo kizito cha kinga hadi kwenye jengo la uchunguzi lililo ng'ambo nyingine ya nyika ile. Humo mna chumba kikubwa chenye kuta za zege zito zenye unene wa takribani mita 1.2, na hewa yake ni argoni tupu, kwa kuwa baadhi ya fueli na metali zinazofunguliwa humo hushika moto au huungua zikikutana na oksijeni au unyevu. Fundi husimama nje, mbele ya dirisha lenye vioo vilivyochanganywa na madini ya risasi, vilivyo nene kama ukuta wenyewe, ameshika vipini viwili. Anachokifanya kwa mkono wake nje, mkono wa mtambo unakirudia ndani. Kwa mikono hiyo hufungua kapsuli, hupima upana wa kila kipande, hukata, husugua na kupeleka sampuli kwenye hadubini. Kazi ambayo mezani ingechukua dakika chache, hapa huweza kuchukua siku nzima, na kifaa kikiharibika ndani hakifuatwi kwa miguu.

Baada ya hapo vipande viliingizwa kwenye tanuri maalumu na kupashwa hadi nyuzi 1,600, 1,700 na hata 1,800 za Selsiasi, vikaachwa humo kwa mamia ya saa, yaani joto la kiwango cha ajali mbaya na kulipita. Juu ya fueli palikuwa na sahani inayopozwa ambayo hubadilishwa kila baada ya muda, na kilichoruka kutoka kwenye fueli kikaganda juu yake. Kwa kupima sahani hizo mfululizo watafiti walijua ni nini kilitoka, kiasi gani, na saa ngapi. Sesiamu, ambayo ndiyo inayohofiwa sana katika ajali, ilibaki ndani ya punje zisizo na kasoro. Metali ya fedha ilitoka hata kwenye punje nzima, kwa kuwa hupenya kabidi ya silikoni bila kuivunja, na msanifu wa kinu sasa anajua kwamba lazima aihesabu anapopanga usalama wa mafundi wake.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni hii inayofuata. Kipande kikitoa sesiamu nyingi kuliko inavyotarajiwa, maana yake ni kwamba ndani ya punje zake 4,000 hivi kuna moja au mbili zilizoharibika. Wataalamu waliamua kuzitafuta. Kipande huyeyushwa kwa asidi hadi punje ziachane, kisha mashine huokota punje moja moja na kuipima mionzi ya gama ili kujua kama sesiamu yake imo bado. Kazi hiyo ilifanyika kwa ushirikiano na Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, ambako fueli yenyewe ilikuwa imeandaliwa. Punje iliyopungukiwa ikapatikana, ikapigwa picha ya eksirei pande zote, ikakatwa na kutazamwa. Walichokiona ni kwamba tabaka la kaboni yenye vinyweleo liliposinyaa lilivuta na kuchana tabaka lililo juu yake, na kupitia ufa huo metali iitwayo paladi inayozaliwa na mpasuko wa atomu ilikusanyika mahali pamoja na kuila kabidi ya silikoni. Kabla ya hapo kulikuwa na dhana kadhaa. Baada ya hapo mtengenezaji wa fueli alijua tabaka lipi linastahili uangalizi zaidi. Ukiniuliza maabara ya serikali hufanya nini, ningekuonyesha punje ile moja.

Iko pia namna ya pili ya kuitesa fueli, nayo ni ya ghafla. Kinu cha TREAT kilijengwa mwaka 1959, kikawekwa kando mwaka 1994, kikawashwa tena mwezi Novemba 2017 kwa sababu baada ya ajali ya vinu vya Fukushima, Japani, viwanda vilitaka fueli zinazovumilia ajali, na hapakuwa na mahali pa kuzijaribu nchini humo. TREAT hupozwa kwa hewa, na fueli yake ni grafiti iliyochanganywa na urani kidogo sana. Inaweza kupandisha nguvu hadi zaidi ya megawati 10,000 kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha grafiti inapopata joto hupunguza mpasuko na kinu hujizima chenyewe. Sampuli iliyo katikati hupata dhoruba ambayo kinu cha umeme hakitakiwi kuikuta maisha yake yote, na kifaa kinachopokea nyutroni kupitia mamia ya vijitundu vilivyonyooka huwawezesha watafiti kuona fueli ikisogea au kuyeyuka wakati ule ule jambo linapotokea.

Kuhusu mambo ya nishati yasiyo ya nyuklia nitapita haraka, ingawa ni mengi. Maabara hupima betri za magari, hutafiti utengenezaji wa haidrojeni kwa kupasua mvuke wa maji kwa umeme, na ina gridi yake yenyewe ya umeme, hivyo inaweza kuivuruga bila kumzimia mtu taa. Mwaka 2007 ililipwa na serikali kujaribu kama jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 inaweza kuvunjwa kwa amri za kompyuta peke yake. Swichi kubwa ya jenereta ilifunguliwa na kufungwa haraka haraka wakati mzunguko wake haulingani na wa gridi, jenereta ikatikisika, ikatoa moshi na kufa. Jaribio hilo, lililoitwa Aurora, liliwaonyesha wenye mitambo ya umeme kwamba usalama wa kompyuta ni usalama wa mashine pia. Huko Idaho pia ndiko hukusanywa na kujaribiwa jenereta za plutoni-238 zinazovipa nguvu vyombo vya anga, ikiwemo ya chombo kilichofika Pluto na ile ya gari la Perseverance lililo Mirihi. Plutoni hiyo hutoa joto tu kwa kuoza kwake, na si ile inayotumika kwenye silaha.

Hilo linanirudisha kwenye kauli ya wanafunzi kuhusu mabomu. Ni kweli kwamba kazi ya silaha za nyuklia ni ya maabara nyingine, yaani Los Alamos, Lawrence Livermore na Sandia. Hata hivyo, usiwaambie kwamba Idaho haina uhusiano na jeshi, maana haitakuwa sahihi. Kinu cha mfano cha nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, kilijengwa na kujaribiwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo jeshi la majini ndilo mteja mkubwa wa ATR, kwa kuwa fueli na metali za vinu vya meli zake hujaribiwa humo. Pembeni ya kazi hiyo ATR huzalisha kobalti-60 yenye nguvu kubwa inayotumika kutibu saratani. Kinu ni kile kile kimoja, na nyutroni hazibagui.

Nao upande wa gharama una jambo zito ambalo mtu mwaminifu hawezi kulifunika. Kati ya 1954 na 1970 taka zenye plutoni kutoka kiwanda cha silaha cha Rocky Flats, jimboni Colorado, zilizikwa kwenye mashimo ya Idaho, na kwa miaka mingi maji machafu yenye mionzi yalishindiliwa ardhini kupitia kisima, ilhali chini ya nyika hiyo kuna hifadhi kubwa ya maji inayotegemewa na wakulima na wakazi wa uwanda mzima. Jimbo la Idaho lilikwenda mahakamani, na mwaka 1995 yakafikiwa makubaliano na Wizara ya Nishati pamoja na jeshi la majini, yenye tarehe za kuondoa taka na adhabu ya kuchelewa. Baadhi ya tarehe hizo hazikutimizwa. Takribani lita milioni 3.4 za taka za kimiminika zilitakiwa ziwe zimekaushwa ifikapo mwisho wa 2012, lakini mtambo wa kuzikausha ulianza kuzichakata Aprili 2023. Uchimbuaji wa mashimo ya taka za Rocky Flats yaliyolengwa ulikamilika mwaka 2022. Kwa maoni yangu usafishaji huu ni sehemu halali ya kazi ya maabara na unapaswa kuhesabiwa ndani ya gharama ya maarifa yaliyopatikana pale, kwa sababu waliochimba mashimo yale na waliowasha vinu vile walikuwa ni serikali moja.

Limebaki swali lako la pili, la nini bado hakijulikani. Vinu vingi vya Marekani vilipewa leseni ya miaka 40, na sasa baadhi vimeruhusiwa kufika miaka 80. Chuma cha chombo kikuu, nyaya na zege ambavyo vilisanifiwa kwa umri mmoja vinaombwa kuishi maradufu, na mtu lazima aseme kwa ushahidi kama vitaweza. Kampuni kadhaa zinataka kujenga vinu vidogo vinavyotumia urani iliyorutubishwa (yaani iliyoongezewa urani-235, ile inayopasuka kwa urahisi) zaidi ya asilimia 5 lakini chini ya 20, kiwango ambacho vinu vya umeme vya kawaida nchini humo havijakizoea, kwa hiyo kumbukumbu zake ni chache. Na kuna programu za kompyuta, kama ile iitwayo BISON iliyoandikwa hapo hapo Idaho, zinazokokotoa namna fueli itakavyovimba na kupasuka. Programu kama hizo zinapunguza idadi ya majaribio yanayohitajika, lakini hazina thamani yoyote mpaka matokeo yake yalinganishwe na kipande halisi kilichokatwa nyuma ya dirisha la risasi.

Kuhusu kwa nini kampuni binafsi zisijilipie zenyewe, waonyeshe wanafunzi kalenda ya TRISO. Kapsuli ya kwanza iliingia ATR Desemba 2006, kundi la mwisho la majaribio ya mpango ule lilitoka mwaka 2020, na uchunguzi ndani ya vyumba vya zege uliendelea baada ya hapo. Ni zaidi ya miaka 14 ya matumizi kabla ya kuuza chochote, kwa matokeo ambayo yakishachapishwa mshindani wako anaweza kuyatumia bila kukulipa. Baadhi ya kampuni zinazoomba leseni za vinu vya TRISO leo zinawasilisha data hizo hizo mbele ya Tume ya Kudhibiti Nyuklia kama msingi wa maombi yao, na baadhi yake hazikuwepo wakati punje zile zinaingizwa kinuni.